Diski iliyozama ndani ya pingili au diski iliyobana neva: upimwe wapi na utibiwe vipi ukiwa Lamu au Malindi

Mgonjwa hurudi kutoka Mombasa na bahasha ya picha kwapani, na akiulizwa nyumbani hujibu kwa maneno matatu: "Ni diski imetoka." Hayo hayatoshi. Diski inaweza kutoka kwa nyuma ikabana neva ya mguu, na inaweza pia kuzama juu au chini ikaingia ndani ya mfupa wa pingili yenyewe. Mtaani maradhi haya mawili yana jina moja, hununuliwa dawa moja dukani, na pengine hudungwa sindano moja. Ukweli ni kwamba yanatofautiana tangu mahali yanapouma hadi upasuaji unaofaa.

Diski ni mto ulio kati ya pingili na pingili. Katikati pana kiini laini, ukikigusa ni kama nyama ya dafu changa. Kukizunguka pana pete ya nyuzi zilizopishana tabaka juu ya tabaka, ngumu kama kamba ya makumbi. Juu na chini ya mto huo pana bamba jembamba la gegedu, unene wake hauzidi milimita moja hivi, na katikati ndipo pembamba zaidi. Pete ikichanika nyuma, kiini humwagikia kwenye neva. Bamba likitoboka, kiini huzama mfupani. Shimo hilo la mfupani ndilo linaloandikwa kwenye ripoti kwa jina la Schmorl, yaani Christian Georg Schmorl, daktari wa Dresden, Ujerumani, aliyechunguza migongo ya maiti kwa maelfu na kulieleza jambo hili mwaka 1927.

Kumbuka alichokuwa akichunguza: maiti za watu wa kila namna, wengi wao hawakufa na mgongo. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa mapacha wanawake, ukatolewa mwaka 2007, ulikuta mashimo haya kwa karibu asilimia 30 yao, na sehemu kubwa ya sababu, zaidi ya asilimia 70, ilikuwa ya kurithi. Kwa hiyo jina la Schmorl kwenye ripoti ni kama kovu mguuni. Huenda ni la utotoni na halina habari, huenda ni kidonda cha juzi. Swali la kumuuliza daktari si "ninalo?" bali "ni bichi au ni la zamani?"

Zinavyouma

Iliyotoka nyuma huwa zaidi chini kabisa, kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno, au kati ya ya 5 na mfupa wa makalio. Mguu huuma kuliko mgongo. Maumivu hushuka takoni, nyuma ya paja, hupita goti na kufika kwenye wayo, pamoja na ganzi au vijisindano vya vidole. Ukikohoa au kupiga chafya huruka kama umeme. Ukilala chali mtu akakuinulia mguu ulionyooka, kabla haujafika nyuzi 60 au 70 maumivu hushuka chini ya goti.

Iliyozama mfupani huuma juu zaidi, mara nyingi usawa wa kiwiko ukisimama wima, au hata pale mbavu zinapoishia. Ni maumivu ya ndani, ya katikati, hayashuki chini ya goti. Ukikaa au kusimama muda mrefu huzidi, ukilala ubavu huku umekunja magoti hupungua. Mtu akikugonga polepole kwa ngumi juu ya pingili hiyo utaruka, lakini akikuinulia mguu hakuna kitu. Nguvu ya miguu iko sawa na ganzi hakuna.

Wapo wenye yote mawili, hasa waliobeba mizigo miaka mingi. Hapo picha na uchunguzi wa mkono ndio wa kuamua, na tunasisitiza mkono: daktari ambaye hajakugusa mgongo wala kukuinua mguu hawezi kukuambia picha ina maana gani.

Nani hupatwa na lipi

Kinachotoboa bamba ni nguvu inayokwenda wima, kutoka makalioni kwenda juu au kutoka mabegani kwenda chini. Mgema aliyeanguka kutoka mnazini akatua kwa miguu au makalio ndiye mfano wa wazi kwa Malindi. Kwa Lamu ni abiria wa boti ya kasi. Wakati wa kusi, boti ikiruka wimbi na kuanguka, abiria aliyekaa omo kwenye ubao mkavu hupokea pigo lote uti wa mgongo ukiwa umenyooka kama mlingoti. Safari za Kizingitini, Kiwayu na Kiunga, zinazotoka kwenye maji yaliyokingwa, ndizo kali. Kuvuka Mokowe si kitu kwa kulinganisha. Kukaa tezi hupunguza pigo sana, kwa kuwa omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Na ukiona wimbi linakuja, inua makalio kidogo ushike ukingo, magoti yapokee badala ya mgongo.

Anayebeba mawe ya matumbawe kutoka Maweni, Manda, au mifuko ya saruji ya kilo 50 bandarini, yuko katika hatari ya yote mawili. Mzigo wa kichwani au begani husukuma wima. Mzigo unaoinuliwa kutoka chini kwa kuinama na kujipinda hupasua pete ya nyuma.

Kuna pia wenye mifupa dhaifu: wanawake waliokoma hedhi, na watu waliotumia prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa miezi. Hawa bamba hutoboka bila kuanguka popote. Vijana wa miaka 12 hadi 17 wanaopinda mgongo ni suala jingine: mashimo mengi pamoja na pingili 3 au zaidi zinazofuatana zilizobonyea mbele ni maradhi ya Scheuermann, na hayo hufuatiliwa na daktari wa mifupa mpaka mtoto amalize kukua.

Eksirei, CT (eksirei ya kompyuta) au MRI (picha ya sumaku)

| | Eksirei | CT | MRI |
|---|---|---|---|
| Shimo la zamani | Huonekana likiwa na ukingo mweupe mgumu | Huonekana vizuri, hata dogo | Huonekana |
| Shimo bichi | Mara nyingi halionekani | Huonekana shimo, haijulikani kama ni bichi | Huonekana pamoja na maji kwenye uboho |
| Neva iliyobanwa | Haionekani | Kwa kiasi | Huonekana vizuri |
| Mfupa uliovunjika baada ya kuanguka | Kwa kiasi | Bora kuliko zote | Nzuri, na huonyesha uti wa ndani |
| Mnunurisho | Kiasi | Mara kadhaa ya eksirei | Hakuna |
| Muda mezani | Dakika 5 hadi 10 | Dakika 10 | Dakika 20 hadi 40, bila kujitikisa |

Kosa la kawaida ni kupiga eksirei wiki ya kwanza, kuambiwa "mfupa mzima", kisha kurudi kubeba mawe. Eksirei haioni gegedu wala maji. Ukingo mweupe unaoliweka shimo wazi hujengwa na mfupa wenyewe polepole, kwa hiyo kinachoonekana kwenye eksirei kwa kawaida ni kile kilichokwisha kupona. Faida yake ni nyingine: ni ya bei nafuu, iko karibu, na inatosha kuonyesha pingili iliyobonyea sana au iliyoliwa.

CT ichague kama umeanguka kutoka juu na kuna shaka ya mvunjiko, au huwezi kuingia MRI. Nje ya hapo, kwa tatizo hili, ni fedha iliyokwenda njia ya kati. Haikuambii linalotakiwa, yaani ubichi.

MRI ndiyo inayojibu. Shimo bichi linalouma huzungukwa na uboho uliojaa maji, na mashine hupiga aina tatu za picha: za T1 huonyesha weusi, za T2 huonyesha weupe, na za STIR, zinazozima mafuta, huufanya weupe huo uwake. Shimo la zamani halina mwako huo. Mwambie daktari aandike kwenye fomu "picha za wima za kiuno pamoja na STIR", kwa kuwa kipimo cha haraka kinaweza kuiacha, na bila hiyo umesafiri bure. Aandike pia umeumia lini, kama kuna homa, kama una selimundu, na kidole kikionyesha pingili inayouma. Msomaji wa picha asiyejua unaumia wapi ataorodhesha kila kasoro, na utatoka na ripoti ya kurasa 2 yenye maradhi 9.

Dawa ya kuchomwa mshipani ili picha iwake zaidi haihitajiki kwa kawaida. Inahitajika kukiwa na shaka ya usaha, kifua kikuu au saratani, na aliye na figo mbovu aseme mapema.

Kabla ya kuingia mashine toa kila cha chuma: pini za mtandio, bangili, simu, kadi, hata hirizi iliyofungwa kwenye kasha la bati. Fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na chembe za chuma jichoni lazima aseme, na mwenye kifaa cha moyo pia. Ukitoka, chukua picha zenyewe kwenye diski ya kompyuta au filamu, si karatasi ya ripoti pekee. Daktari wa mifupa hutibu alichokiona kwa macho yake. Kwa wa visiwani: zifunge ndani ya mfuko wa plastiki mara mbili, maji ya chumvi hayaachi kitu.

Zinazofanana nayo kwenye picha

Hapa ndipo penye hatari ya kweli, kwa sababu shimo la Schmorl likikosewa hakufi mtu, lakini kifua kikuu cha mgongo kikidhaniwa ni Schmorl mtu huweza kupooza.

Kifua kikuu hula pingili mbili jirani pamoja na diski iliyo katikati, hujenga jipu pembeni kwenye msuli wa nyonga, na huja polepole kwa wiki au miezi, pamoja na kupungua uzito na jasho la usiku. Si lazima kuwe na kikohozi. Schmorl bichi kwa kawaida hushika upande mmoja wa diski, maji huzunguka shimo kama duara, na diski haijai usaha. Ikiwa pande zote mbili zinawaka na diski yenyewe inawaka kwenye T2, hiyo si ya kurudi nayo nyumbani na vidonge vya maumivu. Pima damu: hemogramu (hesabu ya chembe za damu), pamoja na ESR na CRP, vipimo vya kuonyesha uvimbe au maambukizi mwilini. Kwa Schmorl hizi huwa za kawaida au zimepanda kidogo. Zikiwa juu sana, sindano ya kutoa kipande cha mfupa na kukipima, pamoja na kipimo cha GeneXpert cha kutafuta kifua kikuu, ndiyo njia.

Brusela huzingatiwa kwa anayekunywa maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, na kwa wachinjaji. Homa yake hupanda na kushuka, viungo huuma, na hupenda sana mgongo wa chini. Tahadhari: kile kipimo cha tone la damu kwenye kibamba, kinachotolewa majibu kwa dakika chache, hutoa majibu mengi ya uongo. Usianze wiki 6 za dawa kwa karatasi hiyo peke yake. Omba kipimo cha kuthibitisha.

Malindi imo Kaunti ya Kilifi, na selimundu ni maradhi ya kawaida ukanda huu. Mwenye selimundu pingili zake huweza kubonyea katikati, juu na chini, zikawa na umbo la herufi H. Mbonyeo huo husababishwa na damu kutofika katikati ya mfupa, si diski kuzama, na huwa kwenye pingili nyingi kwa pamoja, chini yake pakiwa bapa. Mtoto au kijana mwenye picha ya namna hiyo ambaye hajawahi kupimwa selimundu apimwe kwanza. Na mwenye selimundu akipata maumivu ya mgongo pamoja na homa, hufikiriwa usaha wa mfupa mpaka ithibitishwe vingine.

Mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye maumivu mapya ya usiku yasiyopungua kwa kulala, hasa aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au tezi dume, asikubali neno "Schmorl" bila ripoti kueleza kwa nini si saratani.

Dharura

Ganzi kwenye sehemu zile zinazogusa tandiko ukipanda punda, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, choo kutoka chenyewe, miguu yote miwili kulegea: hiyo ni diski kubwa iliyotoka nyuma na kubana kifungu cha neva, na upasuaji unahitajika kwa haraka, saa zinahesabika. Diski iliyozama mfupani peke yake haifanyi hivyo. Usingoje basi la asubuhi. Nenda hospitali ya King Fahd, Lamu, au ya Malindi usiku huohuo ili rufaa iandikwe.

Aliyeanguka mnazini asiketishwe wala asibebwe mgongoni. Watu wanne: mmoja ashike kichwa, watatu wamviringishe kwa pamoja kama gogo, ubao au mlango uingizwe chini, afungwe kwa kanga au leso kifuani, nyonga na magotini. Kwenye boti alazwe tezi, kichwa kikielekea tezi, na nahodha aambiwe apunguze kasi hata kama jamaa wanapiga kelele afanye haraka. Robo saa inayookolewa kwa kurukaruka mawimbi inaweza kumsogezea kipande cha mfupa kwenye uti wa ndani.

Tiba bila kisu

Wengi wa pande zote mbili hupona bila upasuaji. Ile ya nyuma, kipande kilichomwagika huweza kunywea chenyewe, na mguu hupungua kuuma ndani ya wiki 6 hadi 12. Ile ya mfupani maumivu makali hupungua kwa wiki kadhaa, ingawa maji kwenye uboho huweza kubaki miezi. Ndiyo sababu kurudia MRI baada ya wiki 4 kwa kuwa "bado inawaka" ni kujitia hofu. Kama lazima irudiwe, iwe baada ya miezi 3 hadi 6.

Dawa kwanza, kwa mtu mzima. Parasetamoli vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya dawa za mafua. Ikishindwa, ibuprofeni mg 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula, siku 5 hadi 10. Mwezi wa Ramadhani naproksini mg 500 mara 2 huingia vizuri zaidi, baada ya futari na baada ya daku. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo, presha isiyotulia, au mjamzito, asiguse kundi hili la pili bila daktari.

Sindano ya diklofenaki ya kila siku kwa wiki haina nguvu zaidi ya kidonge chake. Ina haraka kidogo, basi, na huongeza jipu la takoni. Gabapentini na pregabalini, dawa za maumivu ya neva, huandikiwa kila mwenye mgongo siku hizi. Kwa diski iliyozama mfupani hazina kazi, na hata kwa maumivu ya neva ya mguu utafiti wa mwaka 2017 wa pregabalini haukuonyesha faida zaidi ya kidonge kitupu. Vidonge vya "mitishamba" visivyo na jina la mtengenezaji vinavyotuliza mgongo kwa saa moja huweza kuwa na steroidi ndani. Hiyo hutuliza leo na kulainisha mfupa kesho, na mfupa laini ndio unaotoboka.

Kulala kitandani kusizidi siku 2. Kitanda cha kamba kilicholegea kikazwe, au weka ubao chini ya godoro. Mkanda wa kiuno unamfaa wa mfupani kuliko wa nyuma: vaa ukisimama na kutembea, wiki 2 hadi 6, vua ukilala. Zaidi ya hapo misuli huzoea kubebwa.

Kwa wiki hizo za mwanzo, wa mfupani aepuke pigo la wima: boti ya kasi, punda anayekwenda mbio, bodaboda na tuktuk kwenye matuta. Mwenye diski ya nyuma aepuke zaidi kuinama na kujipinda. Rukuu na sijida zikiuma, swali kwenye kiti. Ruhusa hiyo ipo kwa mgonjwa, na mgongo unaolazimishwa mara 5 kwa siku hauponi. Maji yabebwe kwa ndoo mbili za lita 10, mkono huku na huku, si mtungi mmoja wa lita 20.

Mazoezi huanza maumivu yanapopungua, kwa kawaida wiki ya 2 au ya 3, juu ya mkeka. La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya uwazi wa kiuno, inua kichwa na mabega kidogo tu, shika sekunde 8 hadi 10. La pili: lala ubavu, egemea kiwiko na magoti, inua nyonga. La tatu: piga magoti na viganja, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha badili. Kila moja mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Kinachoharibu ni kuongeza muda wa kushika badala ya idadi, na kufanya yale mazoezi ya kuinuka mpaka kukaa, ambayo hubonyeza diski vilevile kama mzigo. Kutembea dakika 10 mara 3 kwa siku kunamfaa kila mmoja, na mchanga mgumu wa Shela maji yakipwa ni bora kuliko mchanga laini wa juu.

Kuchua na kupiga chuku? Kuchua misuli ya pembeni kwa mafuta ya nazi au ya simsim hulegeza mkazo na halina dhara. Kukanyagwa mgongo, kuvutwa, au kugandamizwa juu ya pingili yenyewe hapana, na kwa aliyeanguka hapana kabisa. Chuku haifiki kwenye diski wala mfupani. Anayeipenda ahakikishe wembe mpya, na asiende kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Sindano, saruji na kisu

Kwa diski ya nyuma, sindano ya steroidi kando ya neva huweza kupunguza maumivu ya mguu kwa wiki kadhaa ili mtu aanze mazoezi. Kwa diski ya mfupani sindano hiyohiyo hudungwa mahali pasipo na tatizo. Akiandikiwa mtu ambaye mguu hauumi, aulize inakwenda kutuliza nini.

Wa mfupani anayeumia bado baada ya miezi 3 hadi 6 ya tiba ya uaminifu, na MRI inaonyesha bado ni bichi, ana njia mbili za kuzungumza na mtaalamu. Moja ni kuzima neva inayohisi pingili, kwa dawa ya ganzi kwanza kujaribu. Ya pili ni kujazwa saruji ya mifupa ndani ya pingili kupitia sindano nene, kawaida mL 2 hadi 4, ikaganda ndani ya dakika chache. Mtindo huo ulianza Amiens, Ufaransa, mwaka 1984. Mafundi wa Lamu husikia "saruji" wakadhani ni dawa ya kudumu kama jamvi la nyumba, si hivyo. Huweza kuvuja kupitia shimo lilelile ikaingia kwenye diski, au nyuma kwenye neva, au kwenye mishipa ya damu hadi mapafuni. Majaribio mawili ya mwaka 2009 kwa pingili zilizobonyea kwa udhaifu wa mifupa hayakuikuta bora kuliko sindano ya kuigiza. Kwa mashimo ya Schmorl kuna taarifa za wagonjwa wachache wachache waliopata nafuu, basi. Kwa mtu wa chini ya miaka 40 tunaiweka mbali.

Upasuaji wa kutoa kipande cha diski ni wa diski ya nyuma: mguu ukiuma zaidi ya wiki 6 bila nafuu, au nguvu ya wayo ikipungua. Kwa iliyozama mfupani hakuna cha kutoa. Kufunga pingili mbili kwa skrubu ni mlango wa mwisho kabisa, na mgongo uliofungwa hupeleka mzigo kwa jirani zake.

Kusafiri sasa au kungoja

Kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen hadi Malindi ni kilomita zipatazo 220, na Malindi hadi Mombasa 120 nyingine. Kwa mwenye shimo bichi, kukaa kwenye basi saa hizo zote ni tiba kinyume. Kama hakuna homa, kuanguka, ganzi wala udhaifu, ngoja wiki 6 ukijitibu kabla ya kuifuata MRI; wengi hawataihitaji. Ukienda, kaa katikati ya basi na si juu ya tairi la nyuma, weka taulo lililokunjwa kiunoni, shuka utembee kila kituo. Ndege kutoka Manda ni ghali lakini ni ya saa moja au pungufu, na mgonjwa mwenye maumivu makali asiidharau. Piga simu kituoni siku moja kabla uulize mashine inafanya kazi, na kama bima ya SHA uliyonayo inahitaji idhini mapema.

Kurudi kazini

Kazi ya ofisi na dukani, wiki 1 hadi 3, ukiinuka kila nusu saa. Mvuvi wa mashua ya tanga hurudi kabla ya mvuvi wa boti ya kasi. Mchukuzi aanze na kilo 10 baada ya wiki 8 hadi 12, aongeze kilo 5 kila wiki ikiwa usiku hakuumwa, na mfuko wa kilo 50 ubebwe na wawili. Mgema ana tatizo lake: hupanda alfajiri, na hiyo ndiyo saa diski imefyonza maji ya usiku kucha, imejaa na inakaza, tayari kutoka. Kwa mwezi wa kwanza agawane kazi na mwenzake, achukue yeye zamu ya jioni na minazi mifupi. Ya alfajiri akiirudia, awe ameamka na kutembea saa nzima kabla ya kukanyaga kata ya kwanza ya shina.